Ukigusa, Umecheza

4 Februari

Mdogo wangu,

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na barua haina kitufe cha kukata. Sisi hatujambo. Wifi yako anakusalimu. Ananenepa na anasema ni maji. Watoto wanarefuka kwa fujo, viatu ninavyonunua mwezi huu mwezi ujao ni vya jirani. Saluni inakwenda. Wewe na jiko lako la hoteli sijui mnaendeleaje, maana huniambii, lakini mtu mwenye wapishi wa kuwafokea hawezi kukosa furaha.

Sasa mambo ya klabu. Mashindano ya drafti ni mwisho wa Juni kama kawaida, kwenye chumba kilekile nyuma ya saluni. Mwendeshaji ni mimi, kwa sababu mwingine yeyote angegombana na Baba kabla hata ya kupanga viti. Mwenyekiti bado ni yeye. Bado anakalia kile kiti kinachotazama mlango, bado watu wanamwita Mzee Gusa, na sheria yake bado iko ukutani chini ya saa: UKIGUSA, UMECHEZA. Ukitia kidole kwenye kete, hata kwa bahati mbaya, hiyohiyo utaisogeza, hata kama inakuua. Ukikataa, mlango ule pale. Wewe sina haja ya kukueleza.

Sikia kichekesho basi. Mikono ya Baba imeanza kutetemeka, na si kidogo. Chai anaiwekea sahani chini na siku hizi sahani ndiyo inayokunywa zaidi. Juzi alikuwa anacheza na yule muuza magodoro, tunamwita Godoro kwa biashara yake na kwa anavyokaa. Baba alikwenda kuchukua kete moja akagusa tatu. Godoro, roho nzuri, akajitia kukohoa na kutazama dari. Mimi nilitoka nje kucheka, nikashika ukuta.

Kicheko kina sababu. Baba alisimama mbele ya wanachama wote Desemba, hakuna aliyemlazimisha, akasema mwaka atakaotolewa raundi ya kwanza, siku hiyohiyo ananikabidhi ufunguo wa chumba. Nimeshapima mahali pa kuweka sinki mbili za kuoshea nywele. Zinaenea.

Ana njia moja tu ya kupona. Mchezaji mgonjwa anaruhusiwa kuazima mkono: yeye anataja, mwingine anasogeza. Lakini awe mtoto wake wa kumzaa, na asiwe mwendeshaji. Sheria hizo nazo alizitunga mwenyewe, zamani hizo mikono yake ilikuwa inanyoa ndevu za watu huku anatazama barabarani. Watoto wake ni wawili, na mmoja ni mwendeshaji. Ameniambia nikuulize kama utakuja. Haya, nimekuuliza.

Kaka yako

—

2 Machi

Shikamoo Kaka,

Barua imefika ikiwa na doa la mafuta ya nywele, nikajua ni yako kabla ya kufungua. Mimi mzima. Mpishi mkuu mpya analia akikata vitunguu na analia akikosolewa, kwa hiyo sijui siku gani analia kweli. Msalimie wifi, mwambie maji hayanenepeshi.

Umesema huna haja ya kunieleza. Mimi ninayo haja ya kukukumbusha. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nusu fainali, msichana wa kwanza kufika hapo. Nilivaa lile gauni alilonishonea marehemu Mama, mikono mirefu mpaka inafunika vidole, kwa sababu alitaka nipendeze mbele ya watu. Nilibakiza hatua moja kete yangu ifike mstari wa mwisho, niingie kingi. Nikanyoosha mkono. Baba alikuwa anatazama saa. Wewe ndiye uliyekuwa umekaa ubavuni mwa ubao kama msimamizi wa meza, na wewe ndiye uliyeinua mkono. Baba akauliza, "Amegusa?" Ukaitikia kwa kichwa. Nikasema ni kitambaa tu kimepita juu ya kete ya jirani, nikakataa kuisogeza. Akanionyesha mlango. Nafasi yangu wakakupa wewe uliyekuwa umeshatolewa, na ukachukua kombe.

Tangu siku ile nikipita mtaani mnaniita nani? Mwizi wa Kete. Wateja wako walikuwa wanaimba. Ndiyo maana niko huku.

Nakuuliza kitu kimoja, na ukijibu mengine yote ukaacha hiki, hujanijibu. Uliona nini siku ile? Kilikuwa kidole au kitambaa?

Kuhusu Baba: kama anataka mkono, anayo miwili. Acha itetemeke.

Mdogo wako

—

19 Machi

Mdogo wangu,

Nimefurahi kukuona na makali yako yote, nilidhani hoteli imeyalainisha. Huku mvua imetoboa paa la saluni, mteja mmoja nimemnyoa chini ya mwavuli akadai apunguziwe. Wifi yako ameacha kusema ni maji, sasa anasema ni mifupa.

Kuna kitu uliniuliza mwishoni ila sikukisoma vizuri, mwandiko wako umekuwa kama wa daktari.

Baba anajifua, ungemwona. Anajifunga kifundo cha mkono kwa kitambaa cha saluni, anakibana mezani kwa mkono wa pili, halafu mikono yote miwili inatetemeka pamoja, na meza nayo. Ubao unaruka. Anaziokota kete sakafuni moja moja. Macho ya kuona kete bado anayo, ya herufi ndiyo yamekwisha, hata risiti ya dawa namsomea mimi. Ananiuliza kila siku kama umeandika. Namwambia bado bado.

Nakupa siri, na nakupa wewe kwa sababu najua utacheka. Kura ya raundi ya kwanza tumeichezesha Jumamosi, mbele ya kila mtu, kwenye lile kopo la poda. Mimi ndiye ninayekunja vikaratasi na mimi ndiye ninayechomoa. Viwili nilivipaka mafuta ya nywele kidogo tu, kidole kinavijua hata ukiwa umefumba macho. Cha Baba na cha Godoro. Hakuna anayemshinda Godoro siku hizi zaidi yangu, na mimi mwenyewe ni kwa jasho. Watu waliguna. Baba akasema, "Kura ni kura." Nilitaka kumbusu.

Kaka yako

—

30 Aprili

Shikamoo Kaka,

Nimechelewa kwa sababu barua hii nimeiandika nikaichana, nikaiandika tena. Wapishi wawili wameacha kazi, mmoja ameoa mwingine. Mimi sijambo, kifua tu kilinibana kwa baridi la chumba cha nyama.

Nilicheka, kweli. Ya mafuta ya nywele nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikarudi kwenye ile sehemu ya kete sakafuni, nikakosa raha, na sijaipata tena. Mikono ile ndiyo iliyonifundisha kucheza. Alikuwa ananiweka magotini kabla sijajua kuhesabu, ananishika kidole anakipeleka kwenye kete, ananiambia, "Fikiria kwanza. Kidole ni neno." Namchukia, Kaka, sikufichi. Lakini sitaki akaokote kete mbele ya wale watu.

Nitakuja. Ruhusa nimeshaomba, bosi amenuna ila ametoa. Nitakaa ubavuni kwake, atataja, nitasogeza. Sharti langu ni moja, na nakuomba umsomee maneno haya kama yalivyo, usiongeze chumvi:

"Baba, shikamoo. Mkono wangu upo. Kabla ya kukaa mezani, simama useme mbele ya klabu kwamba sikugusa. Ukisema hivyo tu, mkono ni wako mpaka fainali, na mimi nitakuwa nimerudi nyumbani."

Na wewe bado hujanijibu. Nimeandika kwa herufi kubwa safari hii: KIDOLE AU KITAMBAA?

Mdogo wako

—

12 Mei

Mdogo wangu,

Pole na kifua. Wifi yako anasema unywe vitu vya moto. Watoto wamefunga shule, nyumba imekuwa soko.

Nimemsomea. Nilimkalisha kwenye kiti cha kunyolea, nikafunga mlango, nikasoma polepole, neno kwa neno, bila chumvi. Akasema, "Aligusa." Nikamwambia, Baba, mtoto anataka kuja, mbembeleze kidogo hata kwa uongo. Akasema, "Aligusa, na kama kuja kwake ni kwa kununua, abaki."

Sikupenda kukuandikia haya, lakini mimi ni kaka yako, nani mwingine atakwambia ukweli? Mzee ni yuleyule. Usijisumbue na nauli. Hayo mengine unayoniandikia kwa herufi kubwa ni ya zamani sana, wenzako tulishasahau.

Viti vya watazamaji nimeviagiza. Watakuja wengi, neno limeenea kwamba Gusa atagusa.

Kaka yako

—

3 Juni

Shikamoo Kaka,

Sina habari za hoteli. Ruhusa nimeifuta.

Msomee Baba na haya. Kama yale uliyasoma bila chumvi, haya yasome vilevile:

"Baba. Nasikia mikono yako siku hizi inacheza kabla yako. Nilitaka kuja kuishika. Nilikuwa nimeshafunga sanduku. Umenifukuza kwa mara ya pili kwa neno lilelile, na safari hii sikuwa na gauni lolote la kusingiziwa. Siji. Siji kwenye mashindano na sitakuja kukuzika. Siku hiyo utakapogusa kete usiyoitaka, usimtazame mtu akuonee huruma. Sheria ni yako, umeilea mwenyewe. Ikule."

Yasome yote, Kaka. Usimhurumie.

Mdogo wako

—

29 Juni

Mdogo wangu,

Keti vizuri, hii ni ndefu. Sisi wazima, wifi yako mzima, mashindano yamekwisha na kombe limebaki juu ya kioo changu, mahali pake. Fainali nilimlisha Godoro kete mbili akazila kwa pupa, nikamfunga. Lakini wewe hutaki habari za fainali.

Barua yako ya Juni nilimsomea asubuhi yenyewe ya mashindano, tukiwa tunapanga viti. Uliniambia nisimhurumie, sikumhurumia. Nilipofika pale pa "ikule" akaniomba nirudie, nikarudia. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa saa ngapi. Akaenda kunawa uso.

Chumba kilijaa mpaka mlangoni. Baba alivaa koti la kijivu, kitambaa hakujifunga. Alicheza taratibu mno. Kila alipotaka kusogeza aliushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akausubiri utulie, akaushusha kama anaweka yai. Watu walikuja kucheka, wakaacha. Na nikwambie, alikuwa anashinda. Godoro alikuwa amelowa jasho mgongo mzima. Ilibaki kete moja ya pembeni, hatua moja iingie kingi, na Godoro hana pa kwenda. Nilianza kuziaga sinki zangu.

Baba akanyoosha mkono. Hakuna aliyeona kitu. Godoro alikuwa anajifuta uso. Msimamizi wa meza nilikuwa mimi na nilikuwa natazama saa, naapa. Baba akausimamisha mkono hewani, akasema, "Nimegusa."

Godoro akasema, "Mzee, mimi sijaona kitu. Endelea tu."

"Sikukuuliza umeona nini. Nimegusa ya jirani."

"Basi tuseme kitambaa cha koti kimepita."

"Kingekuwa kitambaa ningesema kitambaa," Baba akasema. Akaisogeza ile ya jirani, ile ya kumuua. Godoro alikula kwa lazima, macho yamejaa machozi, mtu mzima na kitambi chake. Baba akasimama, akatoa ufunguo mfukoni, na kwa mikono ile ikamchukua muda kuutoa kwenye shada. Akauweka mbele yangu. Nilikasirika kidogo, sikufichi. Nilikuwa nimejiandaa kuinua mkono mwenyewe.

Kesho yake nilimnyoa ndevu. Alikuwa amefumba macho, povu mpaka masikioni. Akaniuliza swali lako lilelile, kama mmepanga. Akasema, "Siku ile ya dada yako nilikuwa natazama saa. Wewe ndiye uliyeona. Jana nimejua kitu. Mtu akigusa anajua mwenyewe, mwili wote unajua. Yule mtoto uso wake haukuwa wa mtu aliyegusa. Uso ule umeninyima usingizi miaka mingi. Kama hakugusa niambie leo, nimtafute nimpigie magoti. Mwaka mzima hajanitumia neno ila lile la jana, na lile nilistahili."

Ndiyo, ya Aprili sikumsomea. Usinipandishie sauti. Ingemtibua, angesimama mbele ya watu aanze kulia na kuomba radhi, mashindano yangeharibika. Jibu nililokuletea nilimjibia mimi, namjua Baba, ningemuuliza angesema hivyohivyo. Labda.

Nilifuta povu kwenye wembe. Nikamwambia, "Aligusa, Baba." Akasema, "Basi." Nikamaliza kidevu, hakukatika hata kidogo, mkono wangu hautikisiki.

Ungetaka nimwambie nini, na kombe liko juu ya kichwa chake pale kiooni? Amezeeka, mwache na anachokijua. Ulichokiona wewe na nilichokiona mimi tukiache palepale mezani. Na meza yenyewe mwisho wa Julai naitoa, fundi wa sinki ndipo anapokuja. Siku hizi Baba anakaa kwenye benchi la wateja. Kila mlango ukifunguliwa anainua kichwa.

Njoo ututembelee siku moja. Nitakuosha nywele bure.

Kaka yako

—

14 Julai

Kaka,

Leo shikamoo sina.

Nimeisoma barua yako jikoni, nimesimama, sufuria likaungua na yule mpishi akalia kwa niaba yetu wote.

Nilimwandikia baba yangu mara mbili. Ile ya kumpenda ukaikalia. Ile ya kumuua ukamsomea, ukairudia, asubuhi anakwenda mezani. Maneno yale ni yangu, hukunitungia wewe, na sitajificha nyuma ya kitambaa chochote. Niliyaandika nikitaka yaume, yakauma. Hilo nitalibeba mimi, nitamwambia usoni kwake.

Wewe hujawahi kunijibu swali langu. Sina haja tena. Ila fikiria kidogo kabla ya kucheka, kama tulivyofundishwa. Barua zako ninazo zote, sijachana hata moja. Ninayo ya Februari, unashika ukuta kwa kicheko na umeshapima sinki. Ninayo ya Machi, ya kopo la poda na mafuta ya nywele. Ninayo ya Mei, ulivyosoma polepole bila chumvi. Na hii ya mwisho, ya wembe. Zote kwa mwandiko wako mzuri, si wa daktari. Uliniandikia kwa sababu ulijua nitacheka, na ulijua macho ya Baba yamekufa kwa herufi, hakuna wa kumsomea zaidi yako.

Masikio yake mazima.

Nimeacha kazi, safari hii sikuomba ruhusa. Nitakuwa nimefika kabla barua hii haijakaa sana mezani kwako. Pengine unaisoma mimi niko mlangoni. Mwambie fundi wa sinki asubiri. Mwite Godoro na wanachama wote, viti si unavyo. Nitamkalisha Baba kwenye kiti chake kinachotazama mlango, nitamshika mikono yote miwili itulie, na nitamsomea moja baada ya nyingine, nikianzia na ile ya Februari. Nitasoma kwa sauti, neno kwa neno. Chumvi sitaongeza, umeshatia ya kutosha.

Akimaliza kusikia, sijui atasema nini, kwako au kwangu. Anaweza kunionyesha mlango mara ya tatu. Nitatoka, na safari hii nitajua ni yeye aliyesema.

Usije ukazikana barua zako. Umegusa, Kaka. Sasa cheza.

Dada yako, Mwizi wa Kete